Kihispania cha Mguu wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imetukuta kwenye benchi la nje la kliniki: mimi, Mama na wifi yangu, mke wa kaka. Benchi limeezekwa bati, bati lina tundu, na tundu lilikuwa juu ya kichwa changu. Mama alicheka mpaka akausahau mguu.

Niandike mambo kama yalivyo. Mama ana kisukari. Ana kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia ambacho kimekataa kufunga tangu mwaka jana. Hospitali imeletewa madaktari wawili wa upasuaji wa mishipa ya damu kutoka ng'ambo. Wanazungumza Kihispania, na lugha nyingine wanazivunja tu. Mkataba wao unaisha mvua zikiisha, na nyuma yao hakuna mwingine wa kazi hiyo.

Daktari wa Mama ni mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikitazama kidole, akabonyeza juu ya mguu kwa vidole viwili, akatulia kama anayesikiliza mlango. Halafu akasema maneno mengi. Mkalimani aliyesimama nyuma ya bega lake akayageuza kuwa machache: damu inafika mguuni, lakini kwa tabu. Kidonda kisafishwe kila siku. Siku mguu ukianza kuuma hata akiwa amelala, maana yake mshipa unaziba, na hapo lazima ufunguliwe upesi, la sivyo mguu utakatwa.

Mama alibeba neno moja tu katika yote hayo. Njia nzima ya kurudi alilirudia peke yake, taratibu, kama mtu anayeonja kitu kichungu: "Kukatwa."

Mimi nilibeba jingine: kwa nini mengi yakawa machache? Kazi yangu ni habari. Sijawahi kuchapisha kauli ya mtu niliyoletewa na mtu wa pili bila kuithibitisha. Nimeulizia. Mkalimani yule yule anafundisha Kihispania kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, Jumanne na Alhamisi alasiri. Kesho nakwenda.


Jumanne, 4 Machi

Tuko watatu: mimi, dada wa mapokezi ya hoteli, na Kinyozi, anayetaka kuelewa watangazaji wa mpira wanapopiga kelele. Mwalimu amefunga vifungo vyote vya shati hadi cha shingoni. Alisomea kilimo ng'ambo, akarudi na lugha. Kinyozi kamwita Profesa tangu dakika ya kwanza, naye hakukataa.

"Na wewe dada mwandishi, kilichokuleta ni nini?"

"Kukukagua."

Hakukasirika. "Vizuri. Tuanze na vitenzi."


Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Vitenzi. Herufi r inataka ulimi uviringike na wangu ni wa kizamani. Wifi anasema nikifanya mazoezi nasikika kama pikipiki inayokataa kuwaka.


Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Nilikwenda na masikio yamesimama. Mengi yalipita kama upepo, lakini niliyoyadaka niliyapima: pie ni mguu, akasema mguu. Agua limpia ni maji safi, akasema maji safi. Daktari anajirudia sana, ndiyo maana mengi yanakuwa machache. Profesa hapunguzi kitu. Nimemshuku bure.

Mama alisema hajambo. Daktari alifurahi, akaandika.


Alhamisi, 20 Machi

Leo tulikuwa na salamu. Kila mmoja amuulize mwenzake ¿cómo está?, hali gani, na mwenzake ajibu. Kinyozi alikuja shavu limevimba kama ameficha limau. Jino. Machozi yanamlengalenga.

Dada wa mapokezi akamuuliza: "¿Cómo está?"

"Muy bien," Kinyozi akajibu. Vizuri sana.

Tulicheka mpaka mtunza maktaba akagonga ukuta. Profesa akasema jibu la mal, yaani vibaya, nalo lipo, na ni halali kabisa.

"Hapana, Profesa," Kinyozi akasema, kashika shavu. "Mtu kakusalimia tu, hajakukosea kitu, unamtupia 'vibaya' usoni? Kwanza unasema nzuri. Ndipo unasema: ila jino linaniua."

"Wao hawangoji hiyo 'ila'," Profesa akasema. "Ukishasema nzuri, wamemaliza."

Nimeiandika kwa sababu ilichekesha.


Jumatano, 26 Machi

Mhariri anataka habari ya daraja lililosombwa. Nimempa. Akauliza kwa nini siku hizi naondoka mapema. Nikamjibu kwa Kihispania. Akaniacha.

Nyumbani nimekuta jambo. Mama ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Leo yeye ameketi kwenye stuli anaongoza kitambaa, na wifi yuko kwenye kigoda chini ya meza, anakanyaga pedali kwa mikono. Wanagombana.

"Polepole! Unanipeleka mbio kama tunafukuzwa!"

"Mama, mimi huku chini sioni kitu. Nikanyage vipi kwa adabu?"

Niliuliza kwa nini Mama hakanyagi mwenyewe. Wifi akainamia pedali. Mama akasema anamfundisha mkwe wake kazi.


Jumanne, 1 Aprili

Mvua mfululizo. Nguo hazikauki. Miguu ya kila mtu ni ya baridi, kwa hiyo wa Mama nao kuwa wa baridi haukumshtua mtu.


Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi wifi alinivuta jikoni, akafungulia bomba ili sauti isifike chumbani.

"Wifi, kitanda cha Mama sikitandiki tena. Kila siku nakikuta kimetandikwa."

"Anatandika mwenyewe?"

"Hakilaliwi. Nenda katazame."

Nilikwenda. Shuka limevutwa, halina kunyanzi. Kando ya dirisha kuna kiti cha mbao, na juu yake mto wa kitandani wenye umbo la mtu aliyekaa muda mrefu. Mama alikuwa amekaa hapo hapo, mguu wa kulia ukining'inia, akifumua mshono wa sketi kana kwamba ameamka hivi punde.

"Tangu lini, Mama?"

Alijaribu kunizungusha. Nimewahoji mawaziri, nilingoja tu.

"Tangu kabla ya mvua hizi kukolea," akasema. "Ukiulaza unawaka moto. Ukiushusha unapoa. Basi naushusha. Kuna ubaya gani kulala nimekaa? Abiria wote wanalala wamekaa."

"Daktari alisema ukiuma umelala..."

"Nilimsikia daktari. Una masikio peke yako?" Akaweka sketi chini. "Nimwambie anikate? Hili ni la humu ndani. Usiende kuliandika."

Sikuahidi, wala sikukataa. Mama alichukulia kwamba nimeahidi, nami nilimwona akichukulia hivyo, nikamwacha.


Jumatatu, 7 Aprili

Kliniki. Nayaandika yote kwa sababu leo niliyaelewa yote, na ningependa nisingeyaelewa.

Daktari: hali gani, señora?

Mama: "Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu."

Profesa: "Bien, gracias a Dios."

Daktari: usiku mguu unauma?

Mama alitabasamu lile tabasamu la kumpokea mgeni. "Ah, mwanangu, hayakosekani mawili matatu. Tunasukuma siku."

Profesa alifikiri kidogo, akasema kwa Kihispania kwamba siku zote kuna hili na lile, wanaendelea kusukuma siku. Daktari alicheka kwa upole, akasema na yeye ni hivyo hivyo. Akaandika. Nilikuwa nimekaa upande ambao niliona kalamu. Aliandika bien.

Sina neno hata moja la kumsahihisha Profesa. Kama ningekuwa na kinasa sauti, kila kitu kingelingana. Kauli ni sahihi, imenukuliwa kwa usahihi, msemaji ametajwa. Na ni uongo mtupu.


Jumanne, 8 Aprili

Nilimkuta Profesa kabla ya wengine, anafuta ubao.

"Mama yangu anaumwa," nikamwambia.

"Najua. Ninamwona anavyokunja vidole vya mkono akipanda kitandani."

"Unaona, na husemi?"

"Hajasema. Dada, siku nikianza kusema anachomaanisha mgonjwa badala ya anachosema, kesho yake nitasema ninachotaka mimi. Pale kuna watu wanatia saini za upasuaji kwa kutegemea mdomo wangu. Wewe ungemwekea mtu maneno kinywani kwenye gazeti?"

Ningejibu kama yeye, na nimewahi kuwafokea vijana wa chumba cha habari kwa maneno hayo hayo.

"Basi sema wewe," akaniambia. "Si unajifunza?"

"Nina vitenzi vya wakati uliopo tu."

"Mguu uko wakati uliopo." Akaendelea kufuta ubao ambao ulikuwa umeshakuwa safi.


Jumatano, 9 Aprili

Habari ya daraja imeunganishwa vibaya, ukurasa wa tatu. Nimegombana na watu wawili kazini bila sababu ya maana.


Jumatatu, 14 Aprili

Mto umefurika. Barabara ya hospitali imefungwa. Hakuna kliniki. Mama alipumua, nikamwona akipumua.


Alhamisi, 17 Aprili

Kaka amepiga simu. Anaendesha malori ya masafa marefu na simu yake inakuja na kelele za injini. Mama alichukua simu kabla yangu.

"Sijambo, baba. Hatujambo wote. Mguu? Mguu upo, umekaa mahali pake."

Wifi alinitazama, mimi nikatazama dari. Nilipopewa simu Kaka akasema: "Kumbe anaendelea vizuri, nyie mnanitia presha." Mama alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Nikasema tutaongea.

Sasa ndani ya nyumba hii tuko watatu tunaodanganya, na ni mmoja tu anayeumwa.


Jumanne, 22 Aprili

Barabara bado. Darasani nilimwomba Profesa anifundishe namna ya kusema jambo baya kwa adabu. Alinipa sentensi ndefu: Samahani daktari, kama utaniruhusu, pengine ingefaa ujue kwamba. Nimeikariri nikioga, nikipiga pasi, nikingoja maji yachemke. Naifikisha katikati inakatika.

Kinyozi ameng'oa jino. Kaulizwa hali, kasema muy bien. Safari hii kweli.


Ijumaa, 25 Aprili

Kidole cha pili kimeanza kuwa cheusi nchani. Mama amekipaka mafuta ya mgando ili king'ae. Nimeuliza ni nini. Amesema kivuli.

Jioni alinituma sukari, ilhali sukari haiingii kinywani mwake na sisi tunayo. Nilizunguka mtaa mzima kwenye matope. Niliporudi alikuwa amepangusa uso, macho mekundu, na wifi anaangalia pembeni.


Jumatatu, 28 Aprili

Barabara imefunguliwa. Tumekwenda.

Chumba ni kile kile: meza, kitanda cha ngozi bandia kilichopasuka ubavuni, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua. Daktari alisema hii ni moja ya kliniki za mwisho. Wameanza kufunga vifaa. Profesa alisimama mahali pake.

Daktari akauliza hali. Mama akasema: "Sijambo, mwanangu. Wewe je? Na mwenzako?" Profesa alitafsiri vyote, mpaka na mwenzako. Daktari akasema mwenzake hajambo. Akakitazama kidole cha pili kwa muda, akauliza juu ya usiku.

"Usiku ni wa Mungu," Mama akasema.

Profesa akatafsiri. Daktari akakunja uso, kama mtu aliyepewa jibu zuri la swali jingine, akachukua kalamu.

Nikafungua mdomo. Ile sentensi ya adabu haikuja. Haikuja samahani, haikuja pengine, haikuja kama utaniruhusu. Kilichokuja ni hiki, na nakiandika kama kilivyotoka:

"Mi madre no duerme en la cama. Duerme en la silla. La pierna abajo. Mucho dolor. Dice bien. No es bien. Tiene miedo."

Daktari aliweka kalamu chini.

Mama alinitazama mimi, akamtazama Profesa. "Amesema nini huyu?"

Profesa alinigeukia. Alinipa nafasi, ningetikisa kichwa tu, angetafuta neno la kukwepea. Sikutikisa. Akarekebisha kola, akatafsiri kwa sauti ile ile anayotumia kwa kila mtu:

"Anasema: Mama yangu halali kitandani. Analala kwenye kiti. Mguu chini. Maumivu mengi. Anasema vizuri. Si vizuri. Anaogopa."

Sikujua yanasikika hivyo. Kwa Kihispania yalikuwa maneno ya darasani. Kwa Kiswahili yalikuwa kofi.

"Amesema naogopa?" Mama akauliza.

"Amesema hivyo, mama."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, mama."

Mama akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unakwenda kusomea kunishtaki. Nami nakufulia nguo za darasani kama mtoto wa shule."

Wifi alianza kusema, "Mama, wifi hakuwa..." Mama alimnyamazisha kwa kiganja.

Daktari aliuliza kitu kifupi, akimtazama Mama, si mkalimani. Profesa akasema: "Anauliza, mama, ni kweli?"

Mama alifunga upya kitambaa cha kichwani. Alikifunga vibaya, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akasema, na alisema mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema juu ya mwili wake. Kwamba ukiulaza ni kama umeutia jikoni. Kwamba amelala kitini mpaka kiuno kimekuwa cha mbao. Kwamba hawezi kukanyaga cherehani na amemfanya mkwe wake kuwa mguu wake. Kwamba jirani mmoja wa zamani aliingia na kidonda cha kidole, akatoka mguu umekatwa gotini, na hakuna aliyemwambia kabla.

"Na umwambie," akasema, "kisu sikiogopi. Nimeshika mkasi maisha yangu yote. Naogopa kuamka nikute amekata zaidi ya tulichokubaliana."

Profesa alivuta kiti akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa humo. Alitafsiri taratibu, na la jirani taratibu zaidi.

Daktari naye akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na Mama. Alitoa kifaa kidogo kama kalamu nene chenye kipaza sauti, akakipaka utelezi, akakiweka kwenye kifundo cha mguu. Ulisikika mlio dhaifu, kama mtu anayepumua kupitia blanketi. Akakisogeza kuelekea vidoleni. Mlio ukafifia, ukakata. Akarudia. Hakuna. Alisema neno moja ambalo Profesa hajatufundisha, na Profesa, kwa mara moja tu, hakulitafsiri.

Alieleza. Atatoa mshipa kwenye mguu huo huo, kwa juu, autumie kama njia ya mchepuko kupapita palipoziba. Vidole viwili havitarudi. Mguu utabaki, akiwahi wiki hii. Akichelewa, yeye atakuwa ameondoka, na atakayekuja nyuma yake hatajua kufanya mengine zaidi ya kukata. Akachukua kalamu ya wino, akachora mstari kwenye mguu, penye mashina ya vile vidole viwili.

"Aquí. No más."

Hilo halikuhitaji mtu wa kulitafsiri: hapa, si zaidi. Mama aliutazama mstari. Akanyoosha mkono, akaichukua kalamu vidoleni mwa daktari, akainama kwa shida, akaupitia mstari ule ule tena, mnene zaidi, kama anavyoweka alama kwenye kitambaa.

"Mwambie asipite hapo," akasema.

Daktari alikuwa ameshajibu kwa kichwa kabla Profesa hajafungua mdomo.

Njiani kurudi hakunisemesha. Mvua ilikuwa inanyesha upande upande.


Jumanne, 29 Aprili

Amelazwa. Hanisemeshi. Nimekaa naye mchana kutwa.


Jumatano, 30 Aprili

Ameingia chumba cha upasuaji asubuhi. Wino ulikuwa umeanza kufifia. Kabla ya kuingia aliomba kalamu kwa nesi, akaukoleza mstari. Wifi na mimi tulikaa kwenye korido inayonuka dawa ya sakafu. Nilisimama, nikaketi, nikaenda dirishani, nikarudi. Wifi akasema, "Wifi, kaa, unatuchosha sote." Profesa alikuja, shati limefungwa mpaka shingoni, akakaa nasi bila kazi yoyote. Nilimwambia leo si siku yake ya zamu. Akasema anajua.

Mchana daktari alitoka, kofia mkononi. Nilimwelewa kabla hajafika. Alinionyesha kwa kidole kwenye mguu wake mwenyewe, juu ya kiatu: mstari. Hakuupita.


Jumamosi, 3 Mei

Mguu una joto. Nimeugusa Mama akiwa amesinzia. Akafumbua jicho moja, nikauacha.


Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda darasani. Wakati uliopita. Sina sababu tena ya kwenda, na sikuona sababu ya kutokwenda. Kinyozi aliuliza mama anaendeleaje. Nikasema nzuri, ila hanisemeshi. Akasema, "Hapo sasa umejibu."


Jumatatu, 12 Mei

Mvua imepungua, leo imekuwa manyunyu tu. Mama yuko nyumbani. Amekaa kitandani, mto mgongoni, mguu umefungwa bandeji. Mimi niko kwenye stuli, umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Wifi yuko mlangoni na kikombe.

"Mwambie wifi yako anisogezee maji," Mama akasema.

Wifi akanitazama. "Wifi, Mama anasema umsogezee maji."

Nikasogeza. Mama akanywa, akarudisha kikombe kwa wifi, si kwangu.

"Muulize, madaktari wamekwenda?"

"Mama anauliza, madaktari wamekwenda?"

"Mwambie wanaondoka Ijumaa."

"Wanaondoka Ijumaa, Mama."

"Namsikia," Mama akasema. Akanyoosha shuka juu ya magoti. Lilikuwa limekunjamana kila upande, na mto wa pili ulikuwa sakafuni.

"Mwambie huyo mwandishi," akasema, "kwamba nimelala. Hapa. Tangu jioni mpaka wewe uliponiamsha kwa kelele za sufuria."

Wifi alivuta pumzi, akanigeukia, akaanza: "Wifi, Mama anasema..."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

"Amesikia, Mama."

"Asiliandike," Mama akasema.